Kitanda Usichokilalia: wagonjwa wa akili na jamaa zao katika historia ya matunzo

Katika kuwazungukia wagonjwa wa parokia tulimkuta mama mmoja ambaye kwa miaka mingi amemtunza mwanawe mwenye ugonjwa wa akili. Kijana huyo ni mshonaji. Mara tatu alipelekwa hospitali, mara tatu akarudi nyumbani na karatasi ya dawa, na mara tatu ugonjwa ukamrudia. Tulipouliza sababu, kijana mwenyewe alitujibu bila kuficha. Dawa zile zilimtetemesha mikono hata akashindwa kupitisha uzi katika tundu la sindano, naye akaona heri kuwa mgonjwa mwenye kazi kuliko kuwa mzima anayekaa bure; basi akazitupa. Mama naye akatueleza kwamba anaijua siku ugonjwa unapokaribia, kwa kuwa mwanawe hukesha siku tatu mfululizo kabla ya kuanza kusema ovyo. Tukawauliza kama mambo hayo walimwambia daktari. Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaokilalia kitanda cha ugonjwa wa akili ni wawili: mgonjwa mwenyewe, na yule anayemtunza usiku na mchana. Lakini mara nyingi mpango wa matunzo huandikwa na watu ambao hawajakilalia. Tumeona vema kutazama nyuma, ili tujue kama ndivyo ilivyokuwa daima, na kama wapo waliowahi kutenda kwa namna nyingine. Historia inatuonyesha kwamba wapo, na baadhi yao walikuwa Waafrika wenzetu.

Tuanze mbali, katika mji mdogo wa Geel nchini Ubelgiji. Masimulizi ya kale yanasema kwamba Dimfna alikuwa binti wa mfalme huko Ireland. Mama yake alipokufa, baba yake alishikwa na wazimu kwa huzuni, akataka kumwoa binti yake mwenyewe. Dimfna akakimbia hadi Geel, baba akamfuata, akamwua kwa mkono wake. Waamini walimheshimu kama shahidi na mwombezi wa wenye ugonjwa wa akili, na katika karne ya 14 walianza kumjengea kanisa kubwa. Mahujaji waliwaleta wagonjwa wao wasali kwa siku 9, wakikaa katika chumba kilichojengwa kando ya kanisa. Chumba kilipojaa, wenyeji wa mji walifungua milango ya nyumba zao. Wagonjwa wengine hawakuondoka tena. Walikula mezani pamoja na familia hizo, wakalima nao, wakalea nao watoto.

Desturi hiyo imedumu kwa karne nyingi. Katikati ya karne ya 19 serikali ya Ubelgiji iliichukua chini ya usimamizi wake, wakawekwa madaktari na wauguzi wa kuzitembelea nyumba, na kabla ya Vita Kuu ya Pili wagonjwa waliokaa katika familia za Geel walizidi 3,000. Leo idadi imepungua sana, lakini desturi haijafa, na mwaka 2023 UNESCO iliitambua kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi wa watu. Kinachotugusa zaidi ni jambo hili: mara nyingi familia hizo hazikuambiwa jina la ugonjwa wa mgeni wao. Hazikujifunza ugonjwa, bali zilijifunza mtu. Zilijua anapenda nini, anaogopa nini, na ni saa gani ya siku inayomlemea. Muuguzi alipopita, maarifa hayo ndiyo aliyoyakuta, na hapakuwa na kitabu ambacho angeyasoma humo.

Hata hivyo tusisahau jinsi habari ya Dimfna ilivyoanza. Aliyemwua si mgeni, ni baba yake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jamaa wana haki siku zote, wala kwamba sauti ya nyumba ni sauti ya mgonjwa. Ni sauti mbili. Nyakati nyingine zinapatana, nyakati nyingine zinapingana, na kila moja inastahili kusikilizwa peke yake.

Mji mwingine wa Ubelgiji, Gent, unahusiana nasi kwa karibu zaidi. Mwaka 1807 kanoni Petrus Jozef Triest alianzisha huko shirika la watawa ambao sisi tunawafahamu kwa jina la Frères de la Charité. Mwaka 1815 Triest aliwatoa wanaume wenye ugonjwa wa akili waliokuwa wamefungwa minyororo katika vyumba vya chini vya ngome moja ya kale, akawakabidhi kwa watawa wake. Tangu mwaka 1828 alisaidiwa na daktari Joseph Guislain, aliyefundisha kwamba mara nyingi chanzo cha ugonjwa wa akili ni maumivu ya moyo, kwa hiyo mgonjwa atendewe kwa upole, apewe kazi, na asiaibishwe. Mwaka 1857 ilifunguliwa hospitali ambayo bado ina jina la Guislain, na katika karne iliyofuata watawa hao walifika Kongo. Wengi wetu tunazijua nyumba zao za matunzo ya akili: Bukavu, Goma, na Lubumbashi, ambako kituo chao kimeitwa kwa jina la daktari huyo huyo. Kama minyororo imefunguliwa kwa wengi katika nchi yetu, tunawiwa nao shukrani.

Lakini tuseme kweli yote. Karne ya 19 ilifungua minyororo, kisha ikajenga kuta. Huko Ulaya watu walisadiki kwamba mgonjwa hupona akitengwa na jamaa zake, na kwamba daktari peke yake ndiye ajuaye linalomfaa. Wakoloni walileta wazo hilo Afrika, pasipo upole wa Gent. Nyumba ya Yaba huko Lagos, iliyofunguliwa mwaka 1907, ilikuwa mahali pa kuwafungia watu kuliko mahali pa kuwaponya. Mgonjwa alichukuliwa kwa sababu alisumbua barabarani, akawekwa mbali na lugha yake na chakula chake, na jamaa zake hawakuwa na neno lolote la kusema.

Ndipo akatokea mtu mmoja wa Abeokuta. Thomas Adeoye Lambo alizaliwa huko mwaka 1923, akasomea udaktari Uingereza, akarudi kwao mwaka 1954 kuongoza hospitali mpya ya Aro. Alikuta majengo hayajakamilika. Mwingine angengoja mafundi wamalize, Lambo hakungoja. Alikwenda kwa wazee wa vijiji vya jirani, akawaomba wapangishe vyumba kwa wagonjwa. Akaweka sharti moja: kila mgonjwa aje pamoja na jamaa yake angalau mmoja, awe mama, kaka, dada au shangazi. Jamaa huyo alipika, alifua, alimpeleka mgonjwa hospitali asubuhi na kumrudisha kijijini mchana. Mgonjwa alitibiwa kwa dawa za kisasa, lakini jioni alikaa katika baraza ya nyumba ya kawaida, akisikia lugha yake, akihudhuria ngoma na ibada za kijiji.

Wanavijiji nao hawakuachwa na mzigo mikono mitupu. Hospitali iliwakopesha fedha za kutengeneza nyumba, ikasaidia kupata maji safi na vyoo, ikapambana na mbu wa malaria, na baadhi yao wakapata kazi. Waganga wa kienyeji pia waliitwa, kwa sababu waliijua historia za familia na maneno ambayo mgonjwa hutumia kueleza mateso yake. Wakati huo wako Wazungu waliodhani kwamba mpango huo ni wa kimaskini, wa kutumiwa tu mpaka hospitali ya kweli ikamilike. Hospitali ilikamilika, lakini vijiji havikuachwa. Lambo alikuwa ameona kwamba jamaa aliyekaa na mgonjwa tangu mwanzo hujifunza ugonjwa wenyewe, na siku ya kurudi nyumbani mgonjwa harudi kama mgeni. Mwaka 1961 madaktari wa akili kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Abeokuta kwa mkutano wao wa kwanza, na wengi walijionea vijiji hivyo kwa macho yao.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Dakar, daktari Mfaransa Henri Collomb aliongoza huduma ya magonjwa ya akili katika hospitali ya Fann. Alikuja akiwa na elimu ya Ulaya, lakini alikubali kufundishwa na Wasenegali. Aliona kwamba mgonjwa aliyelazwa peke yake hunyamaza, na kwamba aliyelazwa pamoja na ndugu yake husema. Basi ndugu wakakaribishwa kulala hospitalini pamoja na wagonjwa wao. Tena ulianzishwa mkutano ulioitwa pénc, jina ambalo Wawolof hulipa baraza la kijiji chini ya mti. Wagonjwa, jamaa, wauguzi na madaktari waliketi pamoja, kila mmoja akawa na ruhusa ya kusema. Daktari aliketi kama mmoja wao.

Msomaji wa Kongo anaweza kusema: jambo hili kwetu si geni. Ni kweli. Katika hospitali zetu zote yupo garde-malade. Ndiye anayelala chini kando ya kitanda, anayekoka moto uani, anayekimbilia duka la dawa usiku. Bila yeye hospitali nyingi zingefungwa kesho. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumkubali mtu kwa sababu hospitali haina mpishi na kumkubali kwa sababu anajua jambo ambalo daktari halijui. Mara nyingi sisi tunamtumia mtunzaji kama mikono na miguu. Lambo na Collomb walimtumia pia kama macho, masikio na mdomo. Garde-malade wetu hutolewa nje daktari anapopita; huko Fann aliitwa ndani ya duara.

Na mgonjwa mwenyewe? Sauti yake ilichelewa zaidi. Huko Italia, mwaka 1961, daktari Franco Basaglia alipewa kuongoza hospitali ya wenye ugonjwa wa akili katika mji wa Gorizia. Walipomletea daftari la watu waliofungwa usiku ule ili atie sahihi, alikataa. Baadaye akaanzisha mkutano ambamo wagonjwa walizungumzia mambo ya nyumba yao: malango, kazi, mishahara, ruhusa ya kutoka. Watu ambao kwa miaka mingi hawakuulizwa hata wanataka kula nini walianza kubishana, kupiga kura na kucheka. Aliendelea na kazi hiyo Trieste tangu mwaka 1971, na tarehe 13 Mei 1978 Bunge la Italia likapitisha sheria namba 180, iliyoamuru hospitali za kuwafungia wagonjwa zifungwe pole pole na matunzo yahamie katikati ya watu.

Hapo tena historia inatuonya. Mahali ambapo vituo vya jirani vilikuwa tayari, kama Trieste, mageuzi yalileta uhai. Mahali ambapo havikuwa tayari, milango ilifunguliwa na mzigo wote ukawaangukia akina mama na akina dada. Familia nyingi za Italia zililalamika kwamba hazikushirikishwa, zimetwishwa tu. Kushirikisha ni kugawana uamuzi pamoja na mzigo. Anayeachiwa mzigo pasipo uamuzi hajashirikishwa.

Mwaka huo huo wa 1978, mwezi wa Septemba, mataifa yalikutana Alma-Ata na kutangaza kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza matunzo ya afya yao. Naibu mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani wakati huo alikuwa Lambo, yule yule wa vijiji vya Aro. Nchi yetu, ikiitwa Zaire, ililipokea wazo hilo mapema. Ndiyo asili ya zone de santé, ambazo leo ni 519, na ya kamati za afya ambamo wananchi hukaa pamoja na wauguzi. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa haki za watu wenye ulemavu, unaowahusu pia wale ambao ulemavu wao umetokana na ugonjwa wa akili wa muda mrefu, nao unadai kwamba mambo yao yasiamuliwe bila wao. Kongo iliuridhia mwaka 2015, na mwaka 2022 ikapata sheria yake yenyewe juu ya haki za watu hao.

Basi maandishi tunayo. Lakini karatasi haiketi penye kiti. Mtu ndiye anayeketi. Tujiulize: katika kamati ya afya ya mtaa wetu, ni mzazi gani wa mgonjwa wa akili amewahi kuitwa aseme? Ni mtu gani aliyewahi kuugua na kupata nafuu amewahi kuombwa shauri? Na sisi walei tusiwanyoshee wengine kidole peke yao. Wako kati yetu waliowafunga ndugu zao kamba kwa kukosa msaada. Wako waliowapeleka kutoka chumba kimoja cha maombi hadi kingine, wakiamua kila kitu juu yao na wala hawakuwauliza hata mara moja: wewe mwenyewe unaumwa wapi? Sala ni njema. Lakini kumwombea mtu hakutupi ruhusa ya kumnyamazisha.

Kushirikisha hakuhitaji majengo. Aro ilianza kabla ya majengo kwisha. Kunahitaji nusu saa na maswali machache yanayoulizwa kwa heshima. Mgonjwa aulizwe kwanza, peke yake, siku ambayo akili yake imetulia: unataka kurudia kazi gani? Dawa ipi ilikusaidia, na ipi ilikudhuru? Ukizidiwa tena, ungependa aitwe nani, na nani asiitwe? Kisha aulizwe mtunzaji: ni dalili gani unaiona kwanza? Siku gani ya juma unaweza kuja bila kupoteza soko lako? Nani anakupumzisha wewe? Majibu yaandikwe katika karatasi moja, kwa lugha inayosemwa nyumbani, na karatasi hiyo ikae na mgonjwa na jamaa yake. Tena lipo jambo la siri: si kila neno la mgonjwa lifike kwa jamaa, wala si kila neno la jamaa lifike kwa mgonjwa. Muuguzi mwenye busara atalijua hilo, na sisi wa jumuiya tunaotembelea nyumba tulijue pia.

Injili inasimulia kwamba Bartimayo kipofu alipoletwa mbele ya Yezu, kila mtu aliyekuwa pale aliweza kuona anachohitaji. Hata hivyo Yezu hakumponya kabla ya kumwuliza anataka atendewe nini. Ambaye hakuwa na haja ya kuuliza aliuliza. Sisi ambao hatujui, kwa nini tunaacha kuuliza?

Yule mama na mwanawe mshonaji walirudi hospitali, na safari hii wawili wetu tuliwasindikiza. Tulibeba karatasi yenye mambo mawili tu: mikono inayotetemeka, na siku tatu za kukesha. Daktari aliisoma, akamgeukia kijana, akamwuliza juu ya sindano na uzi. Kisha alibadilisha dawa, akamwambia mama kwamba akiona usiku wa kwanza pasipo usingizi asingoje wa tatu. Hatusemi kwamba kijana amepona. Usiku wa kwanza kama huo umekwisha kuja mara moja, na mama alifika hospitali mapema, bila kamba wala kelele. Juzi tulimkuta kijana akishona sare za watoto wa shule. Anashona polepole kuliko zamani, na mishono yake imenyooka.